Taa ya Nyuma ya Othmar Dreiling

Shemeji yangu Othmar Dreiling ameendesha malori ya ngano miaka thelathini na minne, kutoka Texas hadi mpaka wa Kanada, na hajawahi kumkwaruza hata kuku. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu kuna watu hapa Obermann wanaoulizana kwa chinichini, "Eti Othmar alifungiwa leseni? Kumbe naye mlevi!" Ulevi gani? Mtu anayefungua bia moja siku ya Krismasi na kusinzia kabla hajafika katikati ya glasi! Alifungiwa kwa taa. Taa moja ya nyuma, na hiyo yenyewe ilikuwa inawaka. Nitawaeleza, ila mnivumilie, maana habari hii imenichosha, na kila nikiieleza nachoka upya.

Mimi ni Alvina. Mke wa Othmar ni mdogo wangu, Celesta, na nyumba zetu zimepakana, mlango wangu wa jikoni unatazamana na wao. Siendeshi gari tangu mwaka juzi, mtoto wa jicho ameniingia macho yote mawili. Celesta naye akili ilianza kumtoka kidogo kidogo. Alisahau sufuria motoni, akasahau majina ya wajukuu, mwisho akasahau hata kwamba kilichomo mdomoni hutafunwa. Yuko kwenye nyumba ya wazee mjini Hadley, maili arobaini na mbili kutoka hapa. Miaka mitatu Othmar alikuwa akienda huko kila siku ya Mungu, iwe theluji, iwe jua, kumlisha chakula cha mchana. Si kwamba wahudumu walikuwa wavivu. Walijaribu, Celesta akawa anafumba mdomo kama mtoto mwenye hasira. Lakini akija Othmar, anagonga kijiko kwenye ukingo wa sahani mara mbili, anamwambia, "Haya bibie, fungua, lori limefika," na Celesta anafungua. Asubuhi na jioni alimeza vijiko viwili vitatu vya uji, basi. Kilichokuwa kinamweka hai ni mlo ule wa mchana.

Sasa mwezi wa tano mwaka jana leseni ya Othmar ilikuwa inakaribia kwisha, akaenda kaunti kuipata mpya. Nilikwenda naye kwa sababu nilitaka kununua unga. Kijana wa dirishani alimpima macho, akamfanyisha mtihani, Othmar hakukosa hata swali moja. Kijana akabonyeza mashine yake, akakunja uso.

"Mzee, kila kitu kiko sawa, lakini mashine inakataa."

"Inakataa nini?"

"Inasema Montana wamekufungia leseni."

"Montana?" Othmar alicheka. "Mwanangu, sijakanyaga Montana tangu mwaka tisini na sita."

"Ndiyo hiyo hiyo. Agosti, tisini na sita. Kuna kosa la taa hukulijibu."

Mimi nikaingilia, maana nilishaanza kuchemka. "Mbona mmempa leseni miaka yote hii? Mlikuwa mmelala?"

"Bibi, zamani kompyuta za majimbo zilikuwa hazisemezani," akasema yule kijana, tena kwa heshima, siwezi kumsingizia. "Sasa zinasemezana. Montana wakiniandikia barua kwamba mmemalizana, nampa leseni siku hiyo hiyo. Bila barua, sina ninaloweza. Hii uliyonayo, mzee, itaisha siku yako ya kuzaliwa."

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Othmar alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Tulirudi nyumbani bila unga.

Hapo lazima niwaambie jinsi sisi watu wa ngano tulivyojiponza. Othmar alikuwa kwenye kundi la Gus Hertel, mavuno ya kuhamahama. Wakiondoka mwezi wa tano na mashine zao, wanafuata ngano inavyoiva kwenda kaskazini, hawarudi mpaka mwezi wa kumi. Mtu wa namna hiyo barua yake itamkuta wapi? Kwa hiyo wote, madereva kumi na mmoja, waliandika anwani moja, sanduku la posta la Gus. Na polisi akikuandikia karatasi ya kosa njiani, huulizi, humjibu, unakwenda nayo jioni kwenye tela la jikoni unaitumbukiza kwenye kopo la kahawa la Ottilia. Ottilia ndiye mke wa Gus, ndiye mpishi, ndiye karani, ndiye mama yao wote. Msimu ukiisha anakaa chini na lile kopo, anajibu karatasi zote kwa mpigo, Gus analipa. Dereva kujishughulikia karatasi yake mwenyewe ilikuwa ni kumtukana Ottilia. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu, na hakuna aliyejua hata namna ya kuijibu.

Agosti ile, wiki mbili baada ya Othmar kutumbukiza karatasi yake, Ottilia alianguka mbele ya jiko. Kiharusi. Hawakuwahi kumfikisha nyumbani. Nani angekumbuka kopo? Tela liliuzwa na vilivyomo. Gus naye baada ya mazishi aliacha kabisa kufungua barua, akawa anazirundika ndani ya gunia kama zilivyo, mpaka naye akazikwa. Mahakama ya Montana iliandika mara moja, mara mbili, mara tatu. Barua zote zilikwenda kwa mtu asiyetaka tena kujua dunia inasema nini.

Jioni ile Othmar aliketi jikoni kwangu mbele ya supu ya tambi asiyoigusa. Nikamuuliza, "Na hiyo taa, shemeji?"

"Ilikuwa inawaka."

"Una hakika gani? Miaka mingapi hiyo!"

Akanitazama kama nimemtusi mama yake. Kila alfajiri, akaniambia, kabla mtu hajaonja kahawa, alikuwa akilizunguka lori lake na kugonga kila taa kwa kiganja. Wenzake walikuwa wakimcheka, wakamwita Sista Mkuu, kwa sababu anakagua malori kama mtawa anavyokagua kucha za watoto wa shule. Siku ile walikuwa kwenye msafara, yeye wa mwisho, vumbi la malori kumi limemjia. Polisi akasimamisha wa mwisho, kama wafanyavyo siku zote. Othmar akashuka, akafuta taa kwa leso, ikang'aa. Lakini karatasi ilikuwa imeshaandikwa, na polisi akamwambia akamweleze hakimu.

"Ilikuwa vumbi tu, Alvina. Taa yangu ilikuwa inawaka."

Kesho yake tukapiga simu Kaunti ya Sawtooth, huko Montana. Simu ilipokelewa na karani mmoja, Bi. Fenske, mama mwenye sauti ya kukwaruza na moyo mzuri. Faili lilikuwa ghalani, chini kabisa, akaomba wiki moja. Wiki ikapita. Siku ya kuzaliwa ya Othmar ikafika, nikamwokea keki yenye unga wa sukari juu, akala kipande kwa kunifurahisha. Kisha akaenda kuegesha pikapu yake chini ya banda na kuniletea ufunguo.

"Kaa nao wewe," akasema. "Ukikaa kwangu nitaendesha."

"Si uendeshe! Nani atakuona katika barabara hii? Sungura?"

"Nikikamatwa sasa, Alvina, hawatanipa tena mpaka nife. Halafu nani atamlisha?"

Nikauweka ufunguo kwenye sanduku langu la vifungo. Hapa hakuna basi wala teksi, hayo ni mambo ya mijini, na watoto wao wako mbali. Padre, mwenye parokia nne mgongoni, alimpeleka Hadley mara moja. Jirani wa ng'ambo akampeleka mara mbili. Halafu katikati ya mwezi wa sita ngano ikaiva, na ninyi mnajua ngano ikiiva kwetu hakuna aliye mtu wa mtu. Kila mwenye mkono wa kushika usukani yuko shambani, hata wanawake, hata mwalimu wa hesabu. Othmar alikuwa akisimama barabarani kuangalia malori yakipita yamejaa nafaka, kila dereva anampungia mkono, na hakuna hata mmoja anayekwenda Hadley.

Bi. Fenske akapiga. Amelipata faili.

"Mzee wangu, ni jambo dogo," akasema. Nilikuwa nimeiweka simu kwenye spika ili na mimi nisikie. "Hakimu anakaa Alhamisi. Utampigia simu ukiwa hapo hapo ulipo. Unakubali kosa, unalipa faini, mchana huo huo napeleka taarifa jimboni, nao wanatoa barua yako."

"Na nisipokubali?"

"Usipokubali tutapanga siku ya kusikiliza, uje mwenyewe."

"Huko Montana."

"Huku Montana, mzee wangu."

Othmar akashukuru. Akaweka simu chini taratibu. Nikamwambia, "Basi! Alhamisi unakubali, mambo yamekwisha."

"Siwezi kukubali. Taa ilikuwa inawaka."

Yesu, Maria na Yosefu! Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alhamisi ya kwanza ikapita, hakupiga. Nikamsemesha kwa upole, nikamsemesha kwa ukali. Nikamwambia, "Shemeji, umekuwa punda? Nani anajali taa ya mwaka tisini na sita? Aliyekuandikia pengine yuko kaburini, na lori lenyewe limeshakuwa masufuria!"

"Mimi najali."

"Na Celesta?"

Akachukua kofia yake akatoka. Nilijua nimempiga pabaya, na sikujuta. Lakini nilimwelewa pia, ndilo lililokuwa linaniudhi zaidi. Mtu huyu hakuwa na shamba, hakuwa na watoto wenye vyeo, shule aliachia darasa la nane. Alichokuwa nacho ni kwamba lori la Othmar Dreiling halijapata kutoka alfajiri likiwa na kasoro. Sasa mtu asiyemjua anataka akiri kwa mdomo wake kwamba lilitoka nayo. Alikuwa akilala saa mbili usiku na kuamka amechoka kuliko alivyolala, na uso wake ulianza kuwa na rangi ya majivu.

Jumatatu iliyofuata nyumba ya wazee ikapiga simu. Muuguzi alisema kwa sauti ile wanayoitumia wakitaka usishtuke. Celesta amekataa chakula cha mchana tangu Othmar alipokwenda mara ya mwisho. Uzito unashuka. Ikiendelea hivi, daktari atataka kuzungumza na familia.

"Kuzungumza nini?" Othmar akauliza.

"Kuhusu atakavyopenda mwisho wake uwe, bwana."

Othmar alikwenda nje. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama karibu na tangi la maji, mikono imening'inia tu. Sikumfuata, maana nami nilikuwa nalia juu ya sinki. Ni mdogo wangu yule. Nimembeba mgongoni.

Alhamisi saa nne alikuja jikoni kwangu amevaa shati lake la kanisani. Kwa simu! Nani atamwona? Aliketi wima. Hakimu alikuwa na sauti ya kijana, akamsomea tarehe, barabara, na namba ya lori.

"Bwana Dreiling, unashtakiwa kwamba lori ulilokuwa ukiendesha halikuwa na taa ya nyuma inayofanya kazi. Unasemaje?"

Nilisikia jokofu langu likinguruma.

"Bwana Dreiling, upo?"

"Nipo, mheshimiwa."

"Unakubali au unakana?"

Akaweka kiganja chake mezani, kimefunguka. "Nakubali," akasema. "Halikuwa na taa."

"Ahsante. Una lolote la kuongeza?"

"Hapana, mheshimiwa."

Yote hayo hayakufika dakika nne. Miaka ishirini na zaidi ya barua, na dakika nne. Alipoweka simu nilitaka kumpongeza, lakini uso wake ulinikataza. Akavua shati la kanisani pale pale, akabaki na fulana, akalikunja vizuri kama mtu anayekunja nguo ya marehemu. Akaniomba kahawa.

Kisha tukaanza kungoja barua. Faini tulilipa siku ile ile, na Bi. Fenske alifanya alichoahidi, lakini barua hutoka ofisi nyingine, nayo ina foleni yake. Wiki ya kwanza, hakuna. Wiki ya pili, hakuna. Othmar alikuwa kwenye sanduku la posta kabla ya mleta barua, mpaka yule mama akawa anampigia honi kutoka mbali kumwambia kwamba leo pia hamna. Hadley hatukupiga simu. Nilimwambia tupige, akasema, "Wangekuwa na neno wangepiga wao." Aliogopa, na mimi niliogopa, tukaogopa pamoja kila mtu upande wake wa uzio. Usiku nilikuwa nikisali rozari na kusahau niko fumbo la ngapi.

Barua ilikuja siku ya kumi na tisa. Karatasi moja, mistari mitano. Jirani wa ng'ambo, ngano yake ikiwa imeshaingia ghalani, alitupeleka kaunti siku hiyo hiyo. Kijana wa dirishani aliisoma, akabonyeza, mashine ikakubali.

"Hongera, mzee."

"Ya nini?" Othmar akamjibu, wala si kwa ubaya. Alikuwa hana nguvu za hongera.

Saa tano unusu asubuhi ya kesho yake tulikuwa Hadley, mimi na yeye kwenye pikapu. Alinyoa mara mbili. Njia nzima aliendesha chini ya mwendo uliowekwa, mikono yote miwili kwenye usukani, na kila lori lililotupita nilimwona akitupa jicho kwenye taa zake. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nilijiambia, Alvina, ukikuta mifupa, usipige kelele.

Chumba cha kulia kilikuwa kimejaa. Hatukumwona Celesta kwenye kona yake ya siku zote, karibu na dirisha, mahali Othmar alipokuwa akimlisha peke yao. Halafu nikamwona. Alikuwa meza ya katikati, pamoja na wazee wengine watatu, nywele zimesukwa. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Pembeni yake aliketi mhudumu mpya, binti mnene aitwaye Marisol, ambaye tulikuwa hatujawahi kumwona. Marisol alikuwa na sahani yake mwenyewe. Anakula kijiko chake, anatafuna kwa kujionyesha, halafu anamwinulia Celesta kijiko cha Celesta. Na Celesta anamtazama, anafungua, anatafuna kama anavyotafuna yeye, anameza. Sahani yake ilikuwa imebaki nusu.

Nilishika kiti. Sikujua nicheke au nini.

Marisol alituona akasimama haraka. "Ninyi ndio familia? Babu Othmar? Karibuni! Anakula vizuri sana sasa, babu. Wiki tatu hizi hajakataa hata siku moja. Njoo, kaa hapa, kaa umlishe."

Othmar aliketi. Akachukua kijiko, akakigonga mara mbili kwenye ukingo wa sahani. "Haya bibie," akasema, akasogeza kiti karibu, akaanza tena. "Haya bibie, fungua, lori limefika."

Celesta alimtazama usoni. Alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyeketi karibu nawe kanisani. Akafumba mdomo. Kisha akageuza kichwa kumtafuta Marisol.

Othmar akajaribu mara nyingine. Ya tatu hakujaribu. Marisol alikuwa amesimama, uso umemwiva. "Pole, babu. Atazoea tena. Ni siku nyingi tu. Atazoea."

"Ngoja nikupishe," Othmar akasema. Akampa kijiko, akahamia kiti cha pili. Marisol akaketi, akala kijiko chake, akainua cha Celesta, na Celesta akafungua. Othmar alikaa pale mpaka sahani ikaisha, mikono ikiwa magotini, akihesabu kwa midomo kila alichomeza.

Tukiwa njiani kurudi, nilijikaza mpaka maghala ya kwanza, zaidi ya hapo nikashindwa. Nimezaliwa hivi. "Umekiri kosa ambalo hukulifanya, shemeji," nikamwambia. "Umejivua nguo mbele ya mtoto mdogo wa Montana ili ukamlishe. Kumbe alikuwa ameshapata wa kumlisha. Tungengoja tu! Mungu ananisikia, naona uchungu mpaka meno yananiuma."

Akawasha taa ya kuashiria, akasogea pembeni ya barabara, akasimamisha gari, akavuta breki ya mkono kama inavyotakiwa. Alikaa akitazama mbele. Mabega yake yakaanza kutikisika, nami sikumshika, kwa sababu angeona aibu.

"Nilitaka ale, Alvina," akasema baadaye. "Anakula."

Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akatazama nyuma, akatazama kioo, akarudi barabarani. Tulipofika nyumbani alinifungulia mlango wa gari, jambo asilolifanya tangu nimfahamu.

"Kesho natoka saa nne," akasema. "Ukitaka kwenda kumwona akila, uwe tayari."

Saa tatu na nusu nilikuwa nimeshasimama uani, na koti langu mkononi.